Makaa ya Bi Shariffa

Katika basi la kwenda mtaa wa Mabela, Mildred, mfanyakazi wa ndani, alikaa nyuma ya Bi Shariffa akajifanya anatazama nje. Bi Shariffa alikuwa amebana mfuko wa makaa katikati ya miguu. Wesley, Mkenya anayelinda ufuo, aliuona kabla hajakaa vizuri kando yake.

"Mama, hayo makaa si ya mishkaki kule ufuoni kwetu?"

"Ya nini tena? Ijumaa nnampokea ndugu yangu kutoka Unguja, hatujaonana miaka. Mahala petu ni palepale."

"Palepale kasa amerudi kutaga. Tumezungushia kamba."

"Kasa mmoja, ufuo wote ule? Sisi si wachafu, mwanangu. Tukimaliza tunayafukia makaa, mtoto asije akaungua mguu."

"Hapo ndipo penye shida, mama. Mayai yako ndani ya mchanga huohuo mnaofukia moto."

Mildred, ambaye kila Ijumaa ndiye anayetumwa na waajiri wake kufukia makaa, akaacha kutazama nje.

"Watatoka lini hao watoto wake?" Bi Shariffa akauliza.

"Kama miezi miwili."

"Ndugu yangu anakaa wiki."

"Basi sogeeni kule kwenye maegesho, na taa msiwashe, mwanga unampoteza kasa."

"Nimkaribishe ndugu yangu kwenye magari, tena gizani?"

Basi liliposimama, Wesley akaunyanyua mfuko amteremshie.

"Weka polepole," Bi Shariffa akamwambia, kama kwamba ndani mna mayai.