Seli Zilizokomaa Kabla ya Siku

Ijumaa hii, Juni 30, fundi sanifu mkuu wa maabara yetu ya kinga ya mwili anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja na miezi minne ya kazi. Tunamwita Mzee Tulia, kwa kuwa neno hilo ndilo analomwambia kila anayeingia maabara mbiombio.

Alianza kwa kuosha vyombo vya kioo. Mwaka wa tano alikabidhiwa kazi aliyoifanya hadi leo: kukuza seli dendriti. Hizi ni seli zenye matawi, zinazonasa mabaki ya vijidudu na kuzionyesha seli nyingine za kinga ili zimjue adui. Huanza kama seli tangulizi ndani ya uboho wa mifupa, zisizo na tawi hata moja. Mzee Tulia huzitoa kwenye uboho wa panya, huziweka kwenye sahani yenye maji ya lishe na protini ya ukuaji, kisha huzifungia katika kabati la joto. Siku ya tatu huwa zimejikusanya vishada. Siku ya sita huwa seli dendriti changa, hodari wa kunasa. Zikihisi hatari hukomaa, na unasaji hupungua sana.

Miaka tisa iliyopita seli zilianza kukomaa bila kuitwa. Mtafiti mmoja, ambaye sasa ndiye mkuu wetu, alikuwa amebakiza wiki saba kabla ya kamati kuamua kama utafiti wake wa miaka mitatu uendelee au ufungwe. Seli zilizokomaa hazikumfaa kitu. Maji ya lishe yalibadilishwa, kabati likasuguliwa, panya wakalaumiwa. Muuza protini alipigiwa simu mara nne, ya tano hakupokea. Mzee Tulia, kwa kumhurumia mtafiti, alikuwa tangu mwanzo akizitoa sahani kila asubuhi na kila jioni kuzikagua.

Wiki ya tatu alilinganisha daftari lake na matokeo. Sahani alizozikagua zaidi ndizo zilizoharibika zaidi. Moja iliyosahaulika nyuma ya rafu ya chini ilikuwa salama. Kila alipozibeba, vishada vilivunjika, na seli zikauona mtikisiko huo kuwa hatari.

Alikwenda moja kwa moja ofisini kwa mtafiti. "Mwanangu, mharibifu ni mimi." Akaliandika kosa hilo daftarini kwa wino, akatia sahihi. Mtafiti alicheka kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu: "Kumbe wa kuambiwa atulie ni wewe, mzee!"

Sahani mpya ziliguswa mara moja tu, siku ya tatu, kuongezewa lishe. Kamati ilionyeshwa seli changa. Utafiti ukaendelea.

Tangu hapo mlango wa kabati una karatasi yenye mwandiko wake: Usifungue kwa wasiwasi. Amefundisha mafundi kumi na wanane. Wawili waliacha kazi wiki ya kwanza, wakisema kungoja kumewashinda.

Sahani zake za mwisho aliziandaa Jumanne. Leo asubuhi ameziongezea lishe. Siku ya sita ni Jumatatu, naye atakuwa kwake. Mkuu alimwomba apitie kuziona; akajibu kwamba zina mwenyewe sasa, fundi aliyemwachia kabati.

Mzee Tulia, asante kwa kazi na kwa lile daftari. Tunakutakia afya njema na asubuhi zisizo na haraka. Kabati limefungwa. Hatutalifungua hadi Jumatatu.