Samaki wa Mfano

Kijiwe cha Asani pale kambi ya wakimbizi ya Dzaleka ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya matofali, na hakuna jambo la dunia lisilopata hukumu juu ya mlango huo. Asani huuza kahawa, wenzake huuza maneno. Nahayo anaitwa Radiyo kwa sababu hana kitufe cha kuzima. Bisimwa anaitwa Avoka, yaani wakili, ingawa hajawahi kushinda kesi, hata ile ya kuku wake mwenyewe. Na Gélase, aliyefundisha biolojia Bukavu miaka kumi na tisa, anaitwa Mwalimu, na jina hilo ndilo mali pekee aliyovuka nayo mipaka. Alhamisi hii Mwalimu alikaa pembeni, kahawa imempoa mkononi, macho kwenye meza ya jirani. Ilikuwa meza ya Liliane, muuza samaki wa kukaanga. Samaki walikuwa tele, mteja hata wa dawa hakuwepo, na hiyo ilikuwa wiki ya tatu.

— Bantu banaanza kupata akili, Radiyo akasema. Ile samaki ya laboratware, ya kutengenezwa na bataalamu, mutu hawezi kuikula akabakia mutu.

— Inakomaa nusu ya wakati, Avoka akadakia. Na haraka haraka haina baraka.

— Kama inakomaa mbio katika maji, itashindwa aje kukomaa mbio katika tumbo? Radiyo akauliza. Mama mumoja kule chini alikula kichwa yake. Leo viatu vyake havimuingie tena!

— Viatu tu? Avoka akasema. We uko nyuma. Katika miba yake muko kitu ya kuhesabia bantu. Unakula, banajua uko wapi.

— Njo maana banaileta kwetu kwanza! Mukimbizi hana ambasade, hana ubalozi wa kumutetea. Akikufa, nani atauliza? Mugeni siku mbili, siku ya tatu mupe jembe.

Asani aliacha kumimina.

— Sasa jembe inaingia wapi hapo?

— Ya kuchimba kaburi yake, Radiyo akajibu.

Wakacheka. Gélase hakucheka, maana chanzo cha yote hayo alikuwa anakijua, na chanzo ni yeye. Wiki tatu nyuma redio ilisema kwamba ng'ambo kuna nchi iliyoruhusu watu wale samaki ambaye wataalamu wamebadili vinasaba vyake ili akue upesi. Kijiwe kikamgeukia Mwalimu akieleze maana yake. Jamani, miaka mingapi ilikuwa imepita bila mtu kumuuliza kitu alichokisomea! Alisimama kama yuko mbele ya ubao. Liliane alikuwa amekwenda kuteka maji na kumwachia yeye meza, kama majirani wanavyoachiana. Mwalimu akanyoosha mkono, akainua chambo, samaki wa ziwani, mkubwa kuliko wote. "Tuchukue mufano huyu," akasema.

Alieleza vizuri. Hata hofu za watu alizipa haki yake: je, samaki huyo atamdhuru mlaji? Akitoroka ziwani atawamaliza wenzake? Muuzaji ataandika kwenye boksi kwamba ni samaki wa namna hiyo? Wasikilizaji wakasahau yote, wakabaki na samaki aliyeinuliwa. Hadi jua linazama kambi nzima ilikuwa "inajua" kwamba samaki wa Liliane ndio wale. Na Gélase aliona haya kukiri kuwa somo lake halikueleweka. Akanyamaza, akidhani litapoa lenyewe.

Sasa Liliane aliinuka, akaja kijiweni na sinia lake.

— Jambo, Mwalimu.

— Jambo, mama.

— Kesho naenda Kawale, kule mujini, kutafuta kufulia bantu manguo. Ruhusa ya kutoka sina. Polisi bakinikamata, batoto batabakia na nani, sijue. Lakini hapa samaki yangu haiuzike tena. We njo ulisoma hivi vitu. Baambie tu ukweli, banakusikiaka.

Gélase akasimama.

— Bandugu, hii ni chambo ya ziwa, sawa ile tulikulaka siku zote. Ile ya laboratware hata mimi sijaiona na macho. Siku ile nilitoa mufano tu.

Watu wa kijiwe wakatazamana.

— Mwalimu, Radiyo akauliza kwa huruma, nani anakutisha?

— Banamunyamazisha, Avoka akanong'ona kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. Lisemwalo lipo, kama halipo laja!

Gélase akachukua samaki kwenye sinia, akala mbele yao. Alikula nyama yote, akanyonya na kichwa. Hakuna aliyemfuata. Radiyo alikuwa anamtazama viatu.

— Siku gani hiyo? Liliane akauliza. Mufano gani?

Avoka hajawahi kuuacha mdomo wake upumzike.

— Si ile siku ulienda maji? Aliinua samaki yako hapa, akatufundisha nayo.

Liliane hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

— Nilikuachia meza, Mwalimu, akasema. Sasa juu ya nini ulikamata ya kwangu? Kijiti hakikukuwa hapa? Kikombe hakikukuwa?

Avoka, mwenye jibu la kila kesi, akageuzageuza kikombe chake kitupu. Radiyo akakohoa. Jibu Gélase alikuwa nalo: alimchukua yule kwa sababu alikuwa amekaangwa vizuri kuliko wote, akaona atapendeza naye mkononi mbele za watu. Lakini utamwambiaje mama wa watu neno kama hilo, na mafuta ya samaki wake bado yako midomoni?

Liliane alisubiri kwa adabu, kama mwanafunzi. Alipoona hapati kitu, alirudi mezani kwake, akaanza kumwaga samaki kwenye ndoo ya taka, wabovu na wazima pamoja.

Asani akasema kahawa imekwisha. Birika lilikuwa bado nusu, na kila mtu aliliona, lakini waliinuka mmoja mmoja wakaenda zao.