Miaka Thelathini na Tisa ya Kuhesabu Hatua: Fundi Lyall Prendergast Anastaafu

Ijumaa hii, tarehe 30 Mei 2025, Fundi Lyall Prendergast anazima mashine yake ya kukereza mitutu katika karakana yetu ya bunduki hapa Murchison, baada ya miaka thelathini na tisa ya kazi. Kumi na saba kati ya hiyo nimesimama naye kaunta moja, kwa hiyo nina haki ya kumsema.

Alianza mwaka 1986 akifagia vumbi la chuma. Kufikia mwaka wa tatu alikuwa akivua mtutu uliolika na kufunga mpya huku akibishana kuhusu raga, na mara nyingi mtutu ulinyooka kuliko hoja zake.

Kila mwindaji wa bonde hili anajua kwamba mtutu ukilika ndani, bunduki haina shabaha tena. Mtutu mpya nao huleta swali: ubaki na risasi ya zamani au uhamie nyingine? Hapo ndipo watu wazima na ndevu zao hugeuka watoto. Wote wanataka kubwa. Lyall hakuwahi kumwuliza mtu anataka risasi gani. Aliuliza, "Mara ya mwisho ulisimama wapi, na mnyama alisimama wapi?" Kisha alikwenda naye mpaka palepale, akahesabu hatua. Dougal, dereva wa lori la maziwa, aliapa kuwa alimwangusha kulungu kwa mita mia nne. Zilipatikana hatua tisini na tatu, pamoja na mbili za kuruka kijito. Dougal alituletea keki ili tunyamaze. Keki tuliila, na kunyamaza hatukunyamaza.

Makosa naye aliyafanya. Mwaka 1995 alifunga mtutu wa risasi mpya akasahau kugonga jina la risasi hiyo juu yake. Kaka wa mwenye bunduki akapakia zile za zamani. Kwa neema ya Mungu, ganda la risasi lilipasuka ndani tu, na kaka akatoka na nyusi pungufu. Lyall alifunga karakana siku mbili, akaenda kuomba radhi mwenyewe. Tangu hapo hugonga jina kabla ya yote, na mteja hulisoma kwa sauti mara tatu, hata awe hakimu.

Kazi yake ya mwisho ililetwa Februari na Ngaire Tamihana: bunduki ya marehemu mumewe, Hemi, mtutu umekwisha kabisa. Ngaire alikuwa amefanyiwa upasuaji wa bega. Daktari alimruhusu kuwinda, ila si kwa bunduki yenye teke kali. Bega likiumia tena, Ngaire alisema, angeiuza bunduki na milimani asingepanda tena. Wanawe wawili, mibaba mikubwa kama milango, walitaka risasi ya magnamu, ile yenye baruti nyingi na teke la punda.

"Ndiyo heshima ya baba," alisema Rawiri, mkubwa wao.

"Baba yenu hapigi tena, bwana. Anayepiga ni mama," Lyall akamjibu. "Haya mama, ulisimama wapi?"

Tulipanda mlimani sote. Hatua mia moja na kumi na nane.

"Hemi aliniambia mia tatu! Mwongo yule!" Ngaire alicheka mpaka akakaa kwenye nyasi, halafu akalia kidogo, nasi tukatazama pembeni.

Lyall alichagua risasi ya wastani iitwayo saba-sifuri-nane. Komeo la zamani huipokea bila kukatwa chuma, kulungu wa umbali ule haponi, na teke lake ni la kistaarabu. Kitako hakukipiga msasa, mikwaruzo ya Hemi ikabaki. Rawiri alinuna wiki mbili.

Aprili, madume wa kulungu walipoanza kunguruma wakitafuta majike, simu ililia dukani. "Mwambie Fundi bega ni zima," alisema Ngaire, akihema, "na paja la nyuma ni lake." Lyall alitoka kwenda uani, eti anakagua mtungi wa gesi. Uani hatuna mtungi wa gesi.

Fundi, asante kwa mikono yako na kwa kutuambia ukweli tulipotaka kusifiwa. Wewe na mkeo Beryl tunawaombea afya, usingizi wa asubuhi, na miaka mingi ya amani. Wageni, karibuni mezani. Harufu iliyowapokea mlangoni ni ya paja lile. Ngaire amelichoma mwenyewe, na kisu ameshakishika, kwa mkono wa bega lilelile.