Hesabu ya Kivuko Namba Tisa

Mheshimiwa Waziri, mwenye dhamana ya uchukuzi, uliyekuja leo na kalamu tuliyoisubiri kwa miaka kumi na moja. Mheshimiwa Meya wa jiji letu. Ndugu Mkurugenzi Mkuu wa shirika la reli, kaka yangu wa kazini. Ndugu mwakilishi wa benki inayotukopesha. Wazee wa mitaa ya mashariki. Wafanyakazi wenzangu, mlio kazini na mliostaafu. Mume wangu, uliyekaa mstari wa tatu na shati nililokuchagulia. Mabibi na mabwana. Na wewe mlinzi wa kivuko cha reli namba tisa, uliyealikwa kama wengine lakini hukuja kwa kuwa uko zamu: kutoka hapa jukwaani nakuona kwa dirisha hili, kule chini, bendera nyekundu kwapani. Nakusalimu kwa heshima ile ile.

Ratiba inanipa dakika kumi na tano za kushukuru na kuaga. Kisha, saa sita kamili, Mheshimiwa Waziri atatia sahihi mkataba wa fedha za reli ya mchepuko, njia mpya itakayoyatoa mabehewa ya mizigo katikati ya jiji na kuyazungusha pembezoni. Mkurugenzi aliona vyema mambo haya mawili yaende pamoja: bibi wa mipango anatoka mlango huu, reli aliyoipanga inaingia mlango ule. Ni wazo la upendo, kaka, na limenigusa. Naomba unisamehe mapema kwa sababu sitaweza kushukuru tu na kushuka.

Kwa wageni msionijua, nimepanga njia za reli kwa miaka thelathini na mitatu, na humu ndani wananiita Mama Hesabu. Jina hilo sikulipenda mwanzoni, baadaye likanivimbisha kichwa. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu: treni, malori, baiskeli, miguu ya watu. Huwezi kumwomba mtu fedha za kuhamisha reli kwa kumwambia tu kwamba reli inasumbua. Atakuuliza, inamsumbua nani, wangapi, saa ngapi? Ndiyo maana dakika chache zilizopita wenzangu mmenipa zawadi hii, kidude cha kuhesabia kwa dole gumba, mmekipaka rangi ya dhahabu na kukibandika kwenye kibao. Na mmenipa cheti kilichoandikwa, nakisoma, “kwa hesabu zisizotiliwa shaka.” Mlipopiga makofi nilitamani sakafu ipasuke niingie.

Kwa sababu hesabu yangu moja ina kosa. Na imo ndani ya mkataba ule uliofunikwa kitambaa cha bluu.

Njia ya mizigo ya sasa inakatiza jiji kwenye vivuko tisa. Fedha zilizopatikana hazikutosha kuzunguka jiji zima, zilipungua kwa kilomita sita. Ikabidi tuchague. Tukavipanga vivuko kwa idadi ya watu wanaovuka kila siku, chenye watu wengi juu, chenye wachache chini. Cha mwisho kilikuwa namba tisa, watu mia mbili na kumi na wanne kwa siku, ukurasa wa arobaini na moja. Basi mchepuko ukachorwa uache njia ya zamani magharibi, uzunguke, urudi kwenye njia ya zamani kabla ya mitaa ya mashariki. Vivuko vinane vinapona. Cha tisa kinabaki na treni zake kumi na moja za leo, na kwa kuwa njia itapitika upesi zaidi, zitafika ishirini na sita.

Ubavuni mwa kivuko hicho kuna shule ya msingi. Mtauliza, shule nzima, na watu mia mbili na kumi na wanne tu? Swali hilo hilo lilipaswa kuulizwa na mimi.

Nisikilizeni namna msomi anavyokosea. Wahesabuji wetu bora siku zote wamekuwa walimu. Mwalimu hachoki kuhesabu vichwa, ana mwandiko unaosomeka, na hadanganyi fomu. Lakini mwalimu anapatikana lini? Wakati wa likizo. Basi kila mara, kwa miaka minne, nimewaajiri likizo, wiki mbili za jua, nikawasambaza vivukoni na madaftari yao, na kwenye fomu, mahali palipoandikwa “siku ya kawaida ya kazi?”, nikaweka alama ya ndiyo. Ofisi zilikuwa wazi, viwanda vilikuwa wazi. Walimu walikaa mbele ya lango la shule yao wenyewe, limefungwa kwa kufuli, wakahesabu kila aliyepita isipokuwa wale ambao shule ni yao.

Mmoja wao aliniambia. Mwalimu wa darasa la tatu, mwanamke mpole, siku ya pili tu. “Mama, mbona tunahesabu wakati wanangu hawapo?” Nilikuwa na haraka, nina vivuko vinane vya kukagua, nikamjibu, “Mwalimu, hesabu unachokiona.” Akahesabu alichokiona. Leo yuko darasani, hakualikwa hapa, lakini jibu lile nimelikumbuka kila siku wiki hizi tatu na limeniuma.

Kwa nini wiki tatu? Kwa sababu sisi tunaoondoka tuna desturi ya kupita vivuko vyote kuwaaga walinzi. Namba tisa nilifika saa sita mchana. Mlinzi akaninyooshea mkono: “Simama nyuma ya mstari, mama, sasa hivi utaona.” Kengele ikalia. Shule ile ni ya zamu mbili. Wa asubuhi wakatoka upande huu, wa mchana wakaja upande ule, na wakakutana juu ya reli.

Mabibi na mabwana, watoto wale hawavuki tu. Wanasimama. Nyumba nyingi za mitaa ile zina watoto wawili na begi moja. Wa asubuhi anamngoja mdogo wake wa mchana pale pale katikati, anamvalisha begi, anamfunga vizuri, anamwambia ukurasa waliofika, wengine wanabadilishana hata viatu. Niliona dada mkubwa amepiga goti kati ya vyuma viwili, anamfunga mdogo wake kamba za viatu, na mlinzi anapuliza kipenga mpaka mishipa ya shingo imemtoka. Treni ya saa sita na dakika tano ilikuwa tayari imepiga honi kwenye kona.

Nikamuuliza, “Ni hivi kila siku?” Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kama ana jina. “Kila siku ya shule, mama. Mimi nilidhani nyinyi mnajua. Si mlikuja kuhesabu?”

Nilirudi siku tano mfululizo na kihesabio changu. Wastani ni watu elfu tatu, mia nne na sitini. Kivuko nilichokiweka mkiani ndicho cha kwanza, kwa mbali. Hadi leo hakuna mtoto aliyekufa pale. Hilo ni kazi ya kipenga cha mtu mmoja, na saa hiyo anakabili treni moja. Kwa ratiba ya mchepuko, kati ya saa sita na saa sita na nusu zitapita tatu, na zitakuwa na mwendo wa kasi kuliko hii.

Ndugu mshereheshaji, nimekiona kikaratasi chako. Kinasema nifupishe. Nafupisha. Na fundi mitambo, nakuona unakigusa kile kitufe. Kizime ukiagizwa, baba, sitakulaumu. Nimefanya kazi kando ya treni maisha yangu yote, sauti ninayo.

Mkurugenzi, kaka yangu, wasikufikirie vibaya. Hawa wageni hawajui kwamba uliwahi kulibeba faili la mradi huu mapajani safari ya siku mbili kwa sababu hukumwamini mtu wa mizigo. Bila ukaidi wako tusingekuwa na mkataba wa kutilia sahihi. Nilikuletea hesabu mpya siku nane zilizopita. Uliisoma yote, ukavua miwani, ukashika tama. Kisha ukaniambia, “Dada, umekosea miaka minne, unakumbuka siku nane kabla ya kuondoka? Tutalirekebisha awamu ya pili.” Nikakuuliza, awamu ya pili iko kwenye ukurasa gani? Ukarudisha miwani usoni, na mimi nikatoka, kwa sababu sote wawili tunajua haiko kwenye ukurasa wowote.

Hofu yako naielewa. Ukigusa karatasi moja, zote zinaanza kutikisika, na benki ikiondoka hairudi upesi. Lakini nimeusoma mkataba kama nilivyosoma kila kitu isipokuwa kalenda ya shule. Kabla ya sahihi, shirika linaruhusiwa kupeleka hesabu iliyorekebishwa, na benki inalazimika kuipitia. Baada ya sahihi, mstari wa njia haubadiliki mpaka mkopo uishe. Muda wa benki unakwisha mwisho wa mwezi. Leo bado siku kumi na moja. Ndugu mwakilishi, nimekosea? Unatikisa kichwa kwamba sijakosea. Nashukuru, maana leo nilihitaji mtu mmoja aniambie hivyo.

Na wewe Mheshimiwa Meya, vile vivuko vinane pia vina watu, nao wamengoja. Najua unachokifikiria: bibi huyu ataliangusha jambo zima kwa ajili ya moja. Sikuja kuliangusha. Mchoro wa kilomita sita uko tayari, niliuchora mwenyewe, na unaweza kulipiwa kwa kuahirisha yadi mpya ya mabehewa, ambayo ni nzuri lakini haina mtoto anayepiga goti ndani yake.

Wapo watakaosema nimejitafutia sifa siku ya mwisho. Sifa gani? Nimesimama mbele ya watu mia mbili kusema kwamba niliyeaminiwa kuhesabu sikuhesabu. Wengine watasema nina mjukuu katika shule ile. Sina. Ningekuwa naye, ningegundua kosa zamani, na hilo ndilo linalonitia aibu kuliko yote.

Asubuhi hii mume wangu alikuwa akininyooshea gauni hili. Aliniambia, “Mke wangu, pokea cheti, sema asante, turudi nyumbani, umechoka.” Akapiga pasi upande wa pili bila kuniangalia. Halafu akasema, “Au kama lazima useme, basi sema kabla hawajaleta soda, watu wakishashiba hawasikii.” Mnamwona anavyocheka huku akifuta macho. Nimepiga moyo konde kwa ajili yake pia, kwa sababu ndiye atakayeishi na mimi, na sitaki aishi na mtu anayeziba masikio kila honi ikilia.

Wenzangu wa kitengo cha mipango, nawashukuru kwa miaka yote, kwa utani, kwa kunivumilia nilipowarudishia fomu kwa kosa la herufi. Cheti hiki nakiacha hapa mezani. Kikifaa kuandikwa upya, nitakuja kukichukua. Zawadi yenu naichukua, lakini nitaiazimisha kwa muda. Nimekibandua kwenye kibao wakati Meya akizungumza, gundi haikuwa imekauka.

Mheshimiwa Waziri, saa ya ukutani inasema saa sita kasoro dakika tatu. Kalamu iko kulia kwako, dirisha liko kushoto kwako. Kengele italia sasa hivi, na baada ya dakika tano treni itapita. Sikuombi uniamini, kwa kuwa ukurasa wa arobaini na moja uliuamini na tazama ulikotufikisha. Nakuomba robo saa tu ya kusimama dirishani kabla ya kuketi mezani.

Asanteni nyote kwa kunisikiliza mpaka hapa, hata mliosikiliza kwa hasira. Mheshimiwa, shika kidude hiki. Unabonyeza kwa dole gumba, mara moja kwa kila mtoto. Nimekirudisha kwenye sifuri.