Kiunzi cha Tovuti ya Mama Mdogo

Mbele ya kibanda cha kinyozi kuna benchi lenye miguu mitatu ya mbao na wa nne wa matofali. Asubuhi hiyo nilikaa upande wa matofali, kompyuta mapajani. Shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu, na nilikuwa nimemwahidi mama mdogo, mshona sare, kwamba tovuti yake itakuwa hewani kabla ya saa sita. Kilichobaki ni kuchagua kiunzi, yaani mifupa iliyokwisha kutengenezwa, nawe unaivisha rangi na picha zako. Nilikuwa na viunzi kumi na saba, vyote kwenye jedwali. Kosa langu lilikuwa kuwaomba ushauri Kinyozi na jirani yake Fundi Saa, huku mama mdogo akinywa kahawa kando yetu.

— Cha kwanza kinafunguka kwa muda gani? aliuliza Fundi Saa.

— Sekunde mbili nukta nne.

— Mbili nukta nne! Mteja ameshaota mvi!

— Achana na sekunde zako, alisema Kinyozi. Watu wanafuata vioo. Msomi, tafuta kile ambacho picha zinazunguka. Sare izunguke, mtu aione hadi mgongoni.

— Na mtoto akiwa ndani yake?

— Azunguke naye!

Mama mdogo alicheka hadi kahawa ikamwagikia sahani.

— Hicho kina sura ya mchana na ya usiku? aliuliza Fundi Saa.

— Kinabadilika chenyewe, nilisema.

— Basi ikifika saa moja jioni, shati livuliwe, sare ikunjwe, taa izimwe.

— Na asubuhi kengele ya shule ilie! alidakia Kinyozi.

— Kengele ina viwango vitatu vya sauti, nilisema. Hapo nikajua nami nimeshachanganyikiwa.

— Cha juu kabisa! walipiga kelele wote wawili.

Saa tano na nusu nilibonyeza kiunzi cha kumi na moja. Sare ikazunguka, kengele ikalia, Kinyozi akacheza. Akatokea mama mmoja amemshika mtoto mkono, nikamwonyesha kwa fahari. Alitazama, akagusa hapa, akagusa pale.

— Nzuri. Sasa nikitaka sare mbili, naagizia wapi?

Fundi Saa alikagua anga. Kinyozi alikung'uta taulo lisilo na nywele. Nilipitia jedwali langu: kasi, rangi, mzunguko, kengele. Safu kumi na mbili, na hakuna hata moja ya kuagiza.

Mama mdogo akavua futikamba shingoni.

— Simama hapa, mwanangu, nyoosha mikono. Hawa bado wanachagua.