Nzuri, Ila: Maisha ya Marehemu Francis Hilary Mabruki

Padri, ndugu wafiwa, majirani wa Thornton Heath na nyote mliokuja kwa treni na mabasi katika baridi hii, mimi ni mdogo wa mjane wake, yaani shemeji wa marehemu, na nimetakiwa nisome historia yake kwa sababu wale wanaosoma vizuri kuliko mimi wote wanalia.

Marehemu Francis Hilary Mabruki alizaliwa tarehe 14 Agosti 1949, Mkunazini, Unguja, akiwa mtoto wa pekee wa Mzee Hilary na Mama Agatha, akaanza shule hapo hapo mtaani, akaendelea mpaka Januari 1964 yalipotokea mapinduzi, masomo yakasimama, na mwaka uliofuata akapelekwa Dar es Salaam kwa baba yake mdogo, ambako alimaliza kidato cha nne mwaka 1967. Tarehe 3 Oktoba 1968 aliingia London, akapanga chumba Lewisham, akajifunza ufundi, na kuanzia mwaka 1972 hadi alipostaafu tarehe 31 Machi 2012 alikuwa fundi wa breki katika gereji ya mabasi, kazi aliyoifanya kwa wasiwasi mwingi, maana mwenyewe alikuwa akisema basi likishatoka getini hatulii mpaka lirudi.

Tarehe 16 Aprili 1977 alifunga ndoa na dada yangu Perpetua, hapa hapa London, na tarehe 9 Februari 1983 Mungu akawajalia mtoto wao mmoja, Monika, anayeelewa Kiswahili chote mpaka cha kusengenya, lakini ukimsemesha anakujibu kwa Kiingereza, jambo ambalo baba yake alilizoea na mama yake bado.

Sasa nije kwenye uvuvi, maana bila huo sitakuwa nimemsema Francis. Gerejini alikutana na Bwana Tarsem, mzaliwa wa Kisumu, yule pale benchi la pili, naye ndiye aliyemwambukiza ugonjwa wa kuvua samaki wa maziwani aitwaye carp, ambaye sisi nyumbani tulimwita kapu kwa kukosa jina jingine, samaki mnene, mwenye magamba makubwa na ujanja mwingi, na desturi ya wavuvi wake ni kwamba ukimpata unamlaza kwenye kigodoro kilicholoweshwa asiumie, unampima, unampiga picha, halafu unamrudisha majini. Dada yangu hakulielewa hilo hata siku moja, mwanamume anaondoka alfajiri na chambo alichokikanda kwa unga, mayai na iliki za jikoni kwake, anarudi jioni bila hata mkia, nami kwa utani wetu wa ushemeji nikimwambia kwamba amekwenda kuvua kapu karudi na kapu tupu.

Tatizo lilikuwa ni baridi ikianza kuingia. Maji yakipoa kapu hushuka chini, hali, hatembei, na mvuvi mwenye akili zake hukaa nyumbani, lakini Francis alihama, Septemba alikuwa ziwa la South Norwood, hapo jirani ambapo tuliweza kwenda kumchungulia, Oktoba akahamia Clapham Common, Novemba akafuata yale machimbo ya kokoto yaliyojaa maji kwenye bonde la Mto Lea, huko upande wa pili wa mji, kwa hiyo kadiri baridi ilivyozidi ndivyo alivyokwenda mbali na kukaa zaidi. Mei 2014 madaktari walimgundulia ugonjwa wa mishipa ya moyo, wakamtibu, wakamkataza baridi na kukaa peke yake, naye akashika nusu, hakwenda tena bila Tarsem. Tangu mwaka huo majani yakianza kuanguka tu, dada yangu alikuwa akiosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa, sikio liko kwenye simu, maana walikubaliana apige kila mchana, na kila mchana akiulizwa habari alijibu nzuri, iwe mvua, iwe barafu, kwa sababu ndivyo tulivyolelewa, mtu hata akiwa na msiba mkononi huanza na nzuri, halafu ndipo anasema ila.

Jumamosi tarehe 23 Novemba 2019 simu ililia, Monika akaipokea, akamwuliza baba yake kwa Kiingereza kama yu salama, akajibiwa, “Nzuri, mwanangu, ila,” na Monika aliposikia nzuri alimpigia mama yake kelele za furaha kwamba baba hana neno, akakata simu asimmalizie chaji. Jioni ile Francis alifariki hospitalini kwa ugonjwa huo huo wa moyo.

Tangu siku hiyo Monika hali, halali, anasema baba aliomba msaada naye akamkatia, na sisi tunaogopa, nasema wazi mbele ya jeneza hili, tunaogopa tusije tukazika tena. Kwa hiyo Tarsem amenituma niseme kwamba gari la wagonjwa lilikuwa limekwisha kuitwa kabla ya simu ile, aliita yeye, Francis amelala chini akisubiri, akataka kupiga nyumbani, na Tarsem akamsihi, “Bwana Francis, leo ambia hawa watu ukweli,” naye akaanza na nzuri. Monika, hukuzuia msaada wowote, ulidanganywa na adabu yetu kama alivyodanganywa mama yako miaka yote, na mimi nimemkasirikia sana baba yako kwa neno hilo, na hasira hiyo bado ninayo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani waliopika na kukesha nasi, wenzake wa gerejini, na Bwana Tarsem, aliyemshika mkono mpaka mwisho.

Leo asubuhi garini nilimwuliza Monika habari yake, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe akanijibu kwa Kiswahili, akasema, “Nzuri, mjomba,” nami sijawahi kuogopa vile. Nawaombeni, mkimpa mkono hapo nje mwulizeni mara ya pili, na mkono huo msiuachie mpaka aseme ila. Shemeji yangu, hayo tuachie sisi, wewe pumzika kwa amani.