Mouzaoir na Mwalimu Aliyeganda Mdomo Wazi

Tarehe 30 Juni 2019, Fundi Mouzaoir Madi anastaafu baada ya miaka ishirini na sita ya kuhudumia mitambo ya chuo chetu, kwanza Moroni, kisha Mutsamudu. Amewavumilia wakurugenzi saba. Mmoja alikuwa akifunika kompyuta yake kwa leso ili isiambukizwe virusi, na huyo ndiye aliyekuwa na nafuu.

Kazi yake kubwa aliifanya mwanzoni mwa 2008, kisiwa chetu cha Ndzuani kilipojitenga na serikali ya Moroni na safari za kuvuka zikakatwa. Walimu hawakuweza kuvuka. Masomo ya wanafunzi arobaini na watatu wa uuguzi yalipenyezwa kwa diski, nao ukumbi wetu ulikuwa umechukuliwa na askari. Ikabaki kuyarusha kwa mtandao usio na waya, wanafunzi wakitazama vibarazani kwenye kompyuta zao. Mtihani wa mwisho ulikuwa baada ya wiki sita. Asiyeyaona masomo, mwaka wake umepotea.

Picha ziliganda. Zaitoun, mwanafunzi mwenye ulimi mwepesi, alimfuata ofisini: “Fundi, mwalimu wetu yuko mdomo wazi tangu saa tatu. Tumlishe?”

Mouzaoir alijua kasoro ilipo, akaomba kueleza katika kikao cha uongozi, kwa simu. Lakini Moroni walizungumza kwa daraja: kwanza waliokwisha kufanya harusi kuu, ile ya kimila ambayo bila hiyo mwanamume huhesabiwa kijana. Yeye hakuwa ameifanya. “Kijana, ngoja watu wazima wamalize,” aliambiwa, naye alikuwa na miaka arobaini na tisa. Watu wazima walimaliza baada ya saa mbili, na laini ikakatika. Uamuzi: zifungwe antena kubwa zaidi. Akazifunga. Sasa picha ziliganda hata kwa waliokaa mbali, ambao awali hazikuwafikia.

Tueleze polepole, kwani wakubwa wetu hawajaelewa mpaka leo. Mtandao wa redio ukitangaza picha kwa wote kwa mpigo mmoja, hutumia mwendo wa chini kabisa, ili hata kompyuta iliyo nyuma ya ukuta wa mwisho ipate. Masomo matatu yakienda pamoja kwa mwendo huo, njia imejaa. Na kipande kikipotea, hakirudiwi. Antena kubwa haiongezi hata chembe ya mwendo huo.

Mouzaoir aliacha kuomba ruhusa. Aliipanga mitambo impe kila aliyeomba somo nakala yake mwenyewe, kwa kasi anayoimudu, na asiyeomba asipelekewe kitu. Nakala nyingi za haraka zikachukua nafasi ndogo kuliko tangazo moja la kujikokota. Mchana huohuo mwalimu akafumba mdomo, akaendelea na somo.

Wote arobaini na watatu walifanya mtihani. Thelathini na tisa walifaulu. Zaitoun leo ni muuguzi katika hospitali ya Hombo, hapa Mutsamudu. Uongozi ulimpa cheti bwana aliyependekeza antena. Mouzaoir alipewa barua ya onyo kwa kubadili mitambo bila idhini, nayo imo katika jalada lake hadi sasa.

Mwezi huu wauguzi wale thelathini na tisa wametia saini ombi kwamba barua hiyo iondolewe kabla hajaondoka. Uongozi umejibu kwamba suala litajadiliwa mwezi Septemba.

Basi asante, Fundi, kutoka kwetu tulioona. Mungu akupe afya, mapumziko marefu na simu zisizoita. Ukiugua, teremka Hombo: huko hutaambiwa ungoje.